Biloxi na Rwampara: kambi mbili, picha mbili

BUNIA – Jioni moja katika site ya Kigonze, hapa mjini, nilikuta watoto karibu kumi wakicheza mchezo wa askari katikati ya vibanda. Kila mmoja alikuwa na kijiti begani. Mkubwa wao, wa miaka kama kumi hivi, alijifanya komanda. Alitoa kifua, akakohoa kidogo, kisha akapiga kelele: « Gauche! Droite! » Wenzake walichanganya miguu kwa makusudi, wakagongana, wakaanguka, wakacheka. Nami nilicheka. Bibi mmoja aliyekuwa anachambua maharagwe mlangoni pake hakucheka. « Muache ile mambo, batoto, » akasema. « Ile haiko muchezo. »

Maneno yale nilirudi nayo nyumbani. Yalinikumbusha filamu moja ya Wamarekani ambayo nimeiona mara mbili, filamu ya kuchekesha inayohusu hilo hilo ambalo bibi alikataa lichekwe: vijana wanaofundishwa kuwa askari. Jina lake ni Biloxi Blues. Nimeona ni vizuri tuizungumzie hapa, wasikilizaji na wasomaji wetu, mlio mjini na mlio katika site za watu waliohama makwao. Historia ya filamu hiyo inafika hadi kwetu Congo, tena kwa njia ambazo waliotengeneza filamu hawakuzitaja.

Kwanza ilikuwa tamthilia

Kabla ya kuwa filamu, Biloxi Blues ilikuwa mchezo wa jukwaani. Aliyeuandika ni Neil Simon, mwandishi wa tamthilia aliyezaliwa New York mwaka wa 1927. Simon mwenyewe aliingia jeshini akiwa kijana, Vita Kuu ya Pili ilipokuwa inakaribia mwisho. Miaka karibu 40 baadaye alikaa chini akaandika juu ya kijana mmoja anayefanana sana na yeye, Eugene Jerome wa Brooklyn. Mchezo ulianza kuonyeshwa Los Angeles mwezi wa Desemba 1984, ukafika Broadway, mtaa wa majumba makubwa ya tamthilia huko New York, tarehe 28 Machi 1985. Mwaka huo huo ulipata tuzo ya Tony ya tamthilia bora. Filamu ilitoka mwezi wa Machi 1988, ikiongozwa na Mike Nichols. Simon mwenyewe ndiye aliyeandika maneno ya filamu, na mwigizaji Matthew Broderick, aliyecheza Eugene jukwaani, alimcheza tena mbele ya kamera.

Hadithi yenyewe ni nyepesi kusimulia. Makuruta wanapanda treni kutoka kaskazini kwenda Biloxi, mji ulio pwani ya jimbo la Mississippi, kusini mwa Marekani. Joto ni kali, chakula hakilikiki, vitanda vimebanana. Anayewapokea ni sajenti Toomey, mtu aliyejeruhiwa vitani na mwenye bamba la chuma kichwani. Kwenye filamu Toomey anachezwa na Christopher Walken, naye hapigi kelele kama sajenti tuliowazoea. Anasema polepole, kwa sauti ya chini, na hapo ndipo kuruta anaogopa zaidi. Toomey anajua kuadhibu bila kumgusa mtu: anamwacha mmoja asimame, na wenzake wote anawashusha chini kupiga pompe. Baada ya hapo kundi lenyewe ndilo linalomchukia yule aliyeachwa.

Katika kundi hilo yumo Arnold Epstein, kijana Myahudi mwembamba, mwenye tumbo bovu na kichwa chenye akili nyingi. Epstein hataki kuvunjwa. Anamjibu sajenti kwa hoja, mahali ambapo hoja haitakiwi. Toomey anaamini kwamba asipomvunja kijana huyu, kesho kikosi kitakufa vitani kwa kukosa nidhamu. Epstein anaamini kwamba akivunjwa, hata akirudi mzima, hatakuwa tena mtu yule aliyeondoka kwao. Kicheko chote cha filamu kinasimama juu ya ugomvi huo.

Eugene yeye anaandika. Ana daftari, na kila usiku anaweka humo mawazo yake juu ya wenzake. Siku moja wenzake wanalinyakua daftari na kulisoma kwa sauti. Wanakuta ameandika dhana yake juu ya maisha ya siri ya Epstein. Ilikuwa dhana tu, lakini tangu saa hiyo wenzake wanaichukua kuwa ukweli, kwa sababu imeandikwa. Epstein anamweleza Eugene kwamba watu huamini kilicho kwenye karatasi, kwa hiyo mwenye kalamu ana deni. Sisi tunaofanya kazi ya habari katika jimbo kama hili la Ituri, ambapo uvumi mmoja unaweza kuchoma kijiji, sehemu hiyo hatuwezi kuiona kama kichekesho tu.

Karibu na mwisho, Toomey analewa. Amejua kwamba jeshi litamwondoa kwa sababu ya jeraha lake la kichwani. Anashika bastola usiku, na mambo yanakaribia kuharibika. Lakini mwisho wake ni huu: sajenti ndiye anayeshuka chini kupiga pompe mbele ya makuruta wake. Watazamaji wanacheka, na wakati huo huo wanamhurumia.

Miisho miwili

Jukwaani, Eugene alikuwa akigeuka na kuongea na watazamaji moja kwa moja, na kambi nzima ilikuwa vitanda vichache tu. Kwenye filamu tunaona treni, mabwawa, mvua na mabweni ya kweli. Lakini badiliko kubwa liko mwishoni. Katika tamthilia, Eugene anatueleza yaliyowapata wenzake baada ya mafunzo: mmoja alipoteza mguu, mwingine akili yake haikutulia tena, na Epstein alipotea vitani, mwili wake haukuonekana. Katika filamu, makuruta hawapigani kabisa. Bomu la atomiki linaangushwa Japani, vita vinakwisha, nao wanarudi nyumbani wote wazima. Wakati huo unamsikia Eugene akiwa mtu mzima, akikumbuka siku zile kwa hamu kwa sababu alikuwa kijana.

Hapo ndipo Congo inapoingia. Bomu lililoangushwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945 lilitengenezwa kwa uraniamu, na sehemu kubwa ya uraniamu ya mradi ule wa Wamarekani ilitoka Shinkolobwe, karibu na Likasi, Katanga. Wakati huo Likasi iliitwa Jadotville, na mgodi ulikuwa wa kampuni ya Union Minière. Mkuu wa kampuni, Edgar Sengier, alikuwa amekwisha kupeleka zaidi ya tani 1,000 za mawe hayo New York tangu mwaka wa 1940, na baada ya vita serikali ya Marekani ilimpa nishani. Wachimbaji wa Congo walioshika mawe hayo kwa mikono hawakupewa nishani.

Kwa hiyo tukicheka na Eugene anaporudi kwa mama yake, tujue kwamba kurudi kwake kulilipiwa na watu wa Hiroshima waliokufa kwa makumi ya maelfu, na kwa mawe yaliyotoka kwetu. Filamu haikusema hivyo. Simkosoi Simon, kwa maana yeye alisimulia yake. Lakini ni kawaida ya historia: kicheko cha upande mmoja kinakuwa na mzigo upande mwingine, na aliyebeba mzigo ndiye anayepaswa kusema.

Kambi iliyopokea wakimbizi

Jambo lingine linawahusu moja kwa moja ninyi mlio katika site. Kambi tunayoiona kwenye filamu haiko Biloxi. Walipiga picha Fort Chaffee, kambi ya jeshi iliyoko Arkansas, iliyojengwa mwaka wa 1941. Mwaka wa 1975, baada ya Saigon kuanguka, mabweni yale yale yalipokea wakimbizi wapatao 50,000 kutoka Vietnam na nchi jirani. Mwaka wa 1980 wakaletwa Wacuba zaidi ya 20,000, na mwezi wa Juni mwaka huo palitokea fujo kwa sababu watu walichoka kungojea. Kisha, miaka michache baadaye, wakaja watu wa sinema na taa zao.

Mike Nichols aliyeiongoza filamu alikuwa naye amekimbia kwao. Alizaliwa Berlin mwaka wa 1931 katika familia ya Wayahudi, na mwaka wa 1939, akiwa mtoto wa miaka saba, alisafirishwa Marekani kumkimbia Hitler. Kijana aliyekimbizwa na askari alikuja kuwa mzee anayewafanya watu wacheke juu ya askari.

Kuna watu ambao filamu hii haiwaonyeshi. Jeshi la Marekani la wakati ule lilitenganisha weusi na weupe, mabweni mbali mbali. Rais Truman alitoa amri ya kuumaliza utengano huo tarehe 26 Julai 1948, vita vikiwa vimekwisha. Mwandishi mweusi, Charles Fuller, aliandika tamthilia juu ya askari weusi waliokuwa wakifundishwa kusini, nayo ikawa filamu mwaka wa 1984, A Soldier's Story. Nayo ilipigwa Fort Chaffee. Ile si ya kuchekesha: inaanza na sajenti aliyeuawa.

Sisi pia tulicheka gwaride

Mtu asidhani kwamba kucheka mafunzo ya jeshi ni jambo la wazungu. Mwishoni mwa karne ya 19, katika miji ya pwani ya Kenya, vijana Waswahili walianzisha ngoma iliyoitwa Beni, jina lililotokana na bendi za matarumbeta. Walivaa kama maofisa, wakajipa vyeo vya kanali na jenerali, wakapiga gwaride mitaani, wakashindana kwa mavazi na nyimbo. Vita Kuu ya Kwanza ilipofika, ngoma hiyo ilitembea pamoja na askari na wapagazi katika Tanganyika nzima. Vita vile vilipeleka pia wana wa Congo mbali: jeshi la Force Publique liliingia Tabora mwezi wa Septemba 1916. Beni nayo ikavuka mipaka na kufika Katanga, ambako wakubwa wa kikoloni waliiangalia kwa wasiwasi. Hawakujua kama watu wale wanawaiga kwa kuwapenda au wanawacheka.

Waliocheza Beni wengi waliijua kazi ya askari au ya mpagazi kwa miili yao. Simon alilala kwenye vitanda vile kabla ya kuviandika. Kichekesho cha namna hii kinatoka kwa aliyepitia, baada ya kupita.

Picha ya Rwampara

Sasa turudi nyumbani. Bunia nayo ina picha yake ya kambi ya mafunzo, na picha hiyo imejulikana dunia nzima. Haikutengenezwa ili watu wacheke. Ni video iliyopigwa tarehe 12 Februari 2003 katika kambi ya Rwampara, karibu na mji wetu. Ndani yake Thomas Lubanga, aliyekuwa kiongozi wa UPC, amevaa sare ya kijeshi, anawahutubia makuruta na kuwatia moyo waendelee na mafunzo. Kati ya wanaomsikiliza wamo watoto.

Video hiyo ilionyeshwa mbele ya majaji wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, CPI, huko La Haye. Katika kesi ile majaji walikuwa na shida: watu waliofika kusema kwamba walikuwa watoto askari, maneno yao yalipingana, na ilionekana kwamba baadhi ya watu wa kati waliotumwa kutafuta mashahidi huku Ituri waliwafundisha la kusema. Majaji hawakuutegemea ushahidi huo. Lakini video ilikuwepo, na sura za watoto zilionekana. Tarehe 14 Machi 2012 Lubanga alihukumiwa kuwa na hatia ya kuandikisha watoto walio chini ya miaka 15 na kuwatumia vitani. Ilikuwa hukumu ya kwanza katika historia ya mahakama hiyo. Alipewa kifungo cha miaka 14, akakimaliza mwezi wa Machi 2020.

Hapa lazima niseme wazi, ili asiwepo wa kusema kwamba nimeegemea upande: watoto wa Ituri walitiwa jeshini na makundi ya pande mbalimbali, wala jambo hilo halikuishia 2003. Kila jamii ina kadogo wake. Kila jamii ina mama aliyengoja.

Tarehe yenyewe ina uchungu wake. Mwaka mmoja kabla, siku ile ile ya 12 Februari 2002, mkataba wa Umoja wa Mataifa unaokataza kuwatia watoto vitani ulikuwa umeanza kutumika. Ndiyo maana kila mwaka tarehe hiyo dunia inakumbuka watoto askari. Mkataba ulipotimiza mwaka mmoja, watoto wetu walikuwa wamepanga mstari Rwampara.

Kwa nini pale kicheko, hapa hapana

Nimejiuliza: kwa nini Biloxi inachekesha, na Rwampara haichekeshi? Mafunzo si mafunzo tu, popote? Pompe ni pompe, na komanda mkali ni komanda mkali.

Nikiiangalia filamu vizuri ninaona vitu vinne ambavyo kuruta wa Biloxi anavyo. Kwanza, ni mtu mzima. Amefikisha miaka 18 au karibu. Pili, ameitwa kwa sheria, na jina lake liko kwenye orodha. Akipotea, kuna ofisi itakayomwandikia mama yake. Tatu, mafunzo yana mwisho unaojulikana. Anaweza kuhesabu siku. Nne, sajenti naye ana mkubwa juu yake; Toomey akizidi, kuna anayeweza kumwondoa, na kweli anaondolewa.

Mtoto wa Rwampara hakuwa na hata kimoja. Hakuwa na umri. Mara nyingi jina lake lilibadilishwa. Hakujua ni lini atatoka, na komanda wake hakuwa na wa kumuuliza. Mtu anacheka tabu aliyoivuka. Tabu ambayo hujaivuka, au ambayo wanao hawakuivuka, huna nafasi ya kusimama ili uicheke.

Bibi wa Kigonze aliona hivyo bila kutazama filamu yoyote. Watoto waliocheza pale walizaliwa muda mrefu baada ya 2003. Kwao, gwaride ni mchezo wanaouona barabarani, maana tangu mwezi wa Mei 2021 jimbo letu limewekwa chini ya utawala wa kijeshi, na askari tunawaona kila siku. Kwa bibi, gwaride ni jambo linaloanza kwa kijiti na kuishia kwa bunduki. Tena anajua kwamba wanaotafuta watoto hawaanzi kwa vitisho kila mara. Wengine huanza kwa mzaha, kwa kofia, kwa kumwita mtoto « komanda wangu ».

Je, siku itafika ambapo waliokuwa kadogo wataandika tamthilia yao, nasi tukacheka nao? Ninadhani inawezekana. Wengi wao sasa ni watu wa miaka 30 na zaidi; wengine wanaendesha pikipiki hapa mjini, wengine ni wazazi. Nimewahi kusikia wawili wakikumbushana mambo ya kambi kwa kicheko cha chini, na nilipokaribia wakanyamaza. Kicheko kile ni mali yao. Simon alingoja karibu miaka 40. Wao wakitaka kuzungumza, jukwaa na redio ziwe wazi. Wakitaka kunyamaza, tusiwachimbe. Na tusiwafundishe la kusema, maana tumeona La Haye mambo hayo yalivyoishia.

Kwa wazazi

Sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 inayolinda mtoto nchini mwetu inakataza kuandikisha au kutumia mtoto, yaani mtu yeyote aliye chini ya miaka 18, katika jeshi, polisi au makundi yenye silaha. Hakuna kabila, kijiji wala mkubwa anayeruhusiwa kuivunja kwa kisingizio cha kujilinda. Mtoto akitoweka, au mtu asiyejulikana akianza kuzunguka site akiahidi vijana kazi au sare, mjulisheni haraka kiongozi wa site, ofisi ya mambo ya jamii (DIVAS) au watu wa ulinzi wa watoto wanaofanya kazi kati yenu. Na mtoto akirudi kutoka porini, msimcheke wala msimwite kwa jina alilopewa huko. Mwiteni jina lake la nyumbani.

Nilirudi Kigonze juma lililofuata. Watoto walikuwa na vijiti vile vile, lakini sasa walivipanga chini kama magoli, wakicheza mpira wa matambara. Yule aliyekuwa komanda alikuwa golikipa. Bibi alikuwa mlangoni pake, na mpira ulipoingia kwenye sahani yake ya maharagwe, aliwatukana kidogo, kisha akacheka.